Barua inasema dola 25,000. Wewe utalipa ngapi?

Barua mbili za udahili zikiwa mezani, jicho hukimbilia tarakimu kubwa. Chuo cha kwanza kinaandika: "Tunakupa ufadhili wa dola 25,000 kwa mwaka." Cha pili kinaandika: "Msamaha wa ada, na posho ya dola 13,500 kwa mwaka." Anayesoma harakaharaka ataona cha kwanza kimemthamini karibu mara mbili. Akikaa na kikokotoo nusu saa, anaweza kukuta cha kwanza ndicho kitakachomtoa fedha mfukoni, tena mara nne na zaidi ya cha pili. Hapo hakuna aliyedanganya. Kila barua imetaja kinachotolewa na chuo, na hakuna iliyotaja kinachobaki kwako.

Kinachobaki ndicho pekee cha kulinganisha. Mimi nakiita pengo: gharama zote za mwaka mzima, toa fedha na misamaha yote, baada ya makato. Tupige hesabu ya barua hizo mbili. Tarakimu ni za mfano, lakini sura yake utaikuta kwenye barua za kweli.

Chuo A kinatoza ada ya 30,000 kwa mwaka. Juu yake kuna michango ya lazima 1,800, bima ya afya 2,600, na kuishi 1,100 kwa mwezi, ambayo kwa miezi 12 ni 13,200. Jumla 47,600. Toa ufadhili wa 25,000. Pengo: 22,600.

Chuo B ada yake ni 14,000 na imesamehewa yote, kwa hiyo ifute. Michango ya 1,500 haijasamehewa. Bima inalipwa nusu na chuo, unabakiwa na 1,300. Mji ni ghali kidogo, 1,200 kwa mwezi, yaani 14,400 kwa mwaka. Jumla 17,200. Posho ni 1,500 kwa mwezi kwa miezi tisa, ndiyo ile 13,500. Kodi ikikata tuseme asilimia 10, inaingia 12,150. Pengo: 5,050.

Kwa shahada ya miaka miwili, 45,200 dhidi ya 10,100. Na zile 25,000 za Chuo A hazitapita mkononi mwako hata siku moja. Ni punguzo la bei, na bei yenyewe ameipanga huyohuyo anayepunguza. Chuo chenye ada kubwa kina nafasi kubwa ya kuonekana mkarimu.

Soma barua kama mkataba

Neno la kwanza la kutafuta ni "ada". Barua nyingi zinasamehe ada ya masomo peke yake, halafu kuna orodha nyingine ya michango: usajili, maabara, teknolojia, michezo, umoja wa wanafunzi, usafiri, na mchango wa mwanafunzi wa kigeni. Mmojammoja ni midogo. Kwa pamoja inaweza kula posho ya mwezi mzima, na inadaiwa mwanzoni mwa muhula, wakati ambapo hujalipwa chochote. Kama barua haisemi waziwazi "ada na michango", chukulia michango ni yako.

La pili ni "hadi". "Ufadhili wa hadi dola 20,000" haukuahidi kitu. Uliza kiasi chako, kwa jina lako, kwa mwaka huu wa masomo.

La tatu ni jinsi ufadhili wenyewe ulivyofungwa: kwa kiasi maalumu, kwa asilimia, au kwa ada yote vyovyote itakavyokuwa. Mwaka wa kwanza havitofautiani. Chukua ada ya 20,000 inayopanda kwa asilimia 5 kila mwaka, kwa miaka minne: 20,000, kisha 21,000, kisha 22,050, kisha kama 23,150. Mwenye ufadhili wa 15,000 usiobadilika anaanza kwa kulipa 5,000, na mwaka wa nne analipa zaidi ya 8,150. Jumla ni kama 26,200, wala si 20,000 alizopanga. Mwenye asilimia 75 analipa kama 21,550. Aliyesamehewa ada yote hata hajui kwamba imepanda. Kwa hiyo jambo la kuuliza ni ada imepandaje miaka mitatu iliyopita. Hilo halihitaji kubembeleza mtu, kurasa za ada za miaka ya nyuma mara nyingi bado zipo mtandaoni.

La nne ni "kifurushi". Hapa watu wengi huumia, hasa kwa vyuo vya Canada, ambako ni kawaida kutangaza kiwango cha chini cha ufadhili wa uzamivu ambacho ndani yake mna ada. Unaambiwa kifurushi ni kiasi fulani kwa mwaka, unaanza kupanga kodi ya nyumba, kumbe ada itatolewa humohumo. Marekani desturi ya programu nyingi za uzamivu ni kutaja posho peke yake, na ada kusamehewa pembeni. Ukiweka tarakimu hizo mbili sambamba bila kutoa ada kwenye ya kwanza, umelinganisha mfuko uliojaa na mfuko ambao tayari una tundu.

La tano ni masharti ya kuendelea. "Utahuishwa kila mwaka kulingana na maendeleo mazuri" ni sharti lililo mikononi mwako, mradi ujue wastani unaotakiwa na idadi ya masomo ya chini kwa muhula. "Kulingana na upatikanaji wa fedha" liko mikononi mwa watu wengine kabisa. Ukiliona hilo la pili, waulize wamewahi kushindwa kuhuisha ufadhili wa wangapi miaka ya karibuni. Ofisi yenye rekodi safi hujibu kwa fahari. Inayozungukazunguka nayo imekujibu.

Halafu kuna jambo ambalo halimo kwenye barua kabisa: ukipata ufadhili mwingine wa nje, chuo kinafanyaje? Baadhi ya vyuo hupunguza walichokupa kwa kiasi kilekile ulichopata nje. Umeandika insha tatu, umeomba barua za mapendekezo, umeshinda 5,000, na pengo limebaki palepale. Aliyenufaika ni chuo. Uliza kabla ya kuomba huko nje, sio baada ya kushinda.

Hesabu miezi

Mwaka wa posho si lazima uwe na miezi 12. Kuna wa tisa, wa kumi, na wa kumi na miwili. Kwenye mfano wa Chuo B, miezi mitatu ya likizo ndefu ni 3,600 za kuishi bila senti inayoingia, nayo ndiyo sehemu kubwa ya pengo lote. Kazi ya likizo idarani ikiwa ya uhakika, pengo linakaribia kufutika. Ikiwa ni ya kugombania, usiiingize kwenye hesabu. Mimi naiandika sifuri, kisha ikipatikana ni neema.

Tahadhari pia na wazo la "nitafanya kazi ya ziada". Marekani mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki chuoni wakati masomo yanaendelea, na kazi ya usaidizi wa kufundisha au utafiti mara nyingi imeshazimaliza saa hizo. Ziada haipo. Mwenzi anayekuja na viza ya F-2, ile ya wategemezi wa mwanafunzi, naye haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Ukiwa na familia, mstari wa "kipato cha mwenzi" unaanza na kuishia na sifuri.

Zipo posho ambazo zimebeba vitu vingi kuliko jina lake linavyosema. Ufadhili wa Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, kwa shahada za uzamili za pamoja ni euro 1,400 kwa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24, na ada inalipwa. Ni ufadhili mzuri. Lakini hizo 1,400 zimekusudiwa kubeba pia safari, viza na kuanza maisha mapya, na programu zenyewe zinakuhamisha nchi angalau mara moja. Kila kuhama ni amana ya nyumba upya, nauli upya, pengine kibali cha ukaaji upya, na wakati mwingine mwezi mmoja wa kulipia vyumba viwili kwa kuwa mkataba wa kwanza haujaisha. Toa hayo kwanza, ndipo ugawanye kwa miezi.

Wiki nane za mwanzo

Pengo la mwaka linaweza kuwa dogo na bado ukakwama mwezi wa kwanza. Rudi Chuo B, tuseme kati ya zile 1,200 za mwezi, 650 ni kodi ya nyumba na 550 ni chakula, usafiri na mengineyo. Unafika katikati ya mwezi wa nane. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwezi mmoja: 1,300. Ankara ya chuo inadai nusu ya michango, 750, na nusu ya bima, 650. Mwezi wa pili kodi tena, 650. Chakula na usafiri wa miezi miwili, 1,100. Jumla 4,450, kabla ya tiketi ya ndege, kabla ya viza, kabla ya godoro. Posho ya kwanza huenda ikaingia mwishoni mwa mwezi wa tisa, na kama fomu za mishahara zilichelewa au akaunti ya benki ilisubiri kitambulisho cha huko, ikasogea hadi wa kumi.

Maswali matatu yanapunguza mzigo huu. Posho ya kwanza inaingia tarehe gani hasa? Michango inaweza kulipwa kwa awamu, au kukatwa kwenye posho? Kuna mkopo mdogo wa dharura au malipo ya awali kwa wanaoanza? Vyuo vingi vina utaratibu wa namna hii lakini hauandikwi kwenye barua ya udahili. Anaupata aliyeuliza.

Amana ya nyumba iweke mstari wake peke yake. Kwa maandishi si gharama, ni fedha inayorudi. Kwa mfuko wako wa mwezi wa nane ni gharama kamili.

Bima, kodi na viza: sheria za nchi huingia kwenye hesabu

Hapa tarakimu za vyuo viwili vya nchi mbili haziwezi kulinganishwa zilivyo, kwa sababu kila nchi ina mkono wake.

Marekani, kwa anayesomea shahada, sehemu ya ufadhili inayolipa ada, michango ya lazima, vitabu na vifaa vinavyotakiwa na kozi haitozwi kodi. Sehemu inayolipa nyumba na chakula inatozwa, na malipo ya kazi ya kufundisha au utafiti ni kipato. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F au J (ya mwanafunzi au ya mpango wa kubadilishana) ambaye kikodi bado hajahesabiwa mkazi hukatwa asilimia 14 kwenye ufadhili unaotozwa kodi usiokuwa mshahara, isipokuwa nchi yake iwe na mkataba wa kodi unaomsamehe. Wanaoshtuka zaidi ni wale ambao ufadhili wao unalipa bweni na chakula moja kwa moja. Hawaoni fedha yoyote, kisha wanaona deni la kodi kwenye akaunti yao ya chuo. Ukiambiwa "kila kitu kimelipwa", uliza kodi ya hicho kila kitu italipwa na nani.

Uingereza, posho ya mwanafunzi wa muda wote kwa kawaida haikatwi kodi ya mapato. Sweden, anayesoma uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa: anakatwa kodi kama mfanyakazi mwingine, lakini ana likizo yenye malipo na anajengewa pensheni. Kwa hiyo "mshahara wa Sweden ni mkubwa kuliko posho ya Uingereza" ni sentensi ambayo haijaisha hadi kodi iondolewe.

Bima nayo. Uingereza mwombaji wa viza hulipia huduma ya afya mapema, na tangu Februari 2024 kiwango cha mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka. Shahada ya uzamili ya mwaka mmoja watu huipigia 776, halafu mfumo unawadai 1,164. Sababu ni kwamba viza huongezewa muda kabla na baada ya kozi, na kipande cha ziada kisichozidi miezi sita kinatozwa nusu mwaka. Zinalipwa kwa mkupuo, kabla viza haijatoka. Kama mfadhili hazilipi, ni zako, na posho bado iko mbali.

Ujerumani kuna jambo la umri. Bima ya umma kwa bei ya mwanafunzi kwa kawaida inaishia miaka 30. Mwenye miaka 31 anayeiga bajeti ya rafiki yake mwenye miaka 25 atakosea tangu mstari wa kwanza. Na vyuo vingi vya umma huko havitozi ada, lakini jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. "Ujerumani ni bure" haitoshi, taja jimbo na chuo.

Tenganisha pia gharama na fedha ya kuonyesha. Mwanafunzi anayejilipia anayeomba viza ya Ujerumani huwekewa kiwango cha akaunti iliyofungwa, euro 11,904 kwa mwaka tangu Septemba 2024. Fedha hiyo haipotei, unarudishiwa kidogokidogo kila mwezi uishi nayo. Lakini lazima iwepo yote siku ya maombi. Ufadhili unaofika kiwango hicho huweza kukubaliwa badala yake. Ufadhili pungufu unakuachia kujaza tofauti. Hapa ndipo ufadhili wa asilimia 60 unaposhindwa kumfikisha mtu popote: 40 zilizobaki zinatakiwa kabla ya kuondoka, si kidogokidogo.

Kwa wenye familia, angalia ruhusa kabla ya gharama. Tangu Januari 2024 Uingereza hairuhusu wanafunzi wengi wa uzamili wa kufundishwa kuleta wategemezi. Wa programu za utafiti na wa ufadhili wa serikali wanabaki na nafasi hiyo. Kuendesha nyumba mbili katika nchi mbili ni mstari mkubwa kuliko bima, na hakuna fomu ya chuo itakayokukumbusha.

Muda halisi wa kumaliza

Ufadhili wa uzamivu wa miaka mitatu au minne ni wa miaka hiyo. Tasnifu haijui hivyo. Kila muhula wa ziada una kodi ya nyumba, bima, kibali cha ukaaji cha kuhuisha, na mara nyingi ada ndogo ya kubaki umesajiliwa. Kwa Chuo B, miezi sita bila posho ni 7,200 za kuishi peke yake, zaidi ya pengo la mwaka mzima. Usiulize kozi inachukua muda gani, kwa maana utajibiwa kilichoandikwa kwenye tovuti. Uliza wanafunzi watano wa mwisho wa msimamizi huyu walimaliza baada ya muda gani, na miezi ya mwisho nani aliwalipa.

Kisha kuna masharti ya baadaye. Anayepata Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, anakubali kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Wenye viza ya J-1 waliofadhiliwa na serikali hufungwa na sharti la miaka miwili nyumbani kabla ya kupata baadhi ya viza za kufanya kazi na kuhamia Marekani. Kama mpango wako ni kurudi, sharti hilo halina gharama yoyote. Kama mpango wako ni kulipa mkopo wa kujazia pengo kwa mshahara wa ugenini, mpango huo umeshakufa kabla ya kusaini.

Nani wa kumuuliza, na wakati gani

Ofisi ya ufadhili inajua sheria. Mratibu wa programu anajua mazoea. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua ankara. Huyu wa tatu ndiye wa thamani zaidi: mwombe akuonyeshe mistari ya ankara yake ya muhula uliopita, namba na jina lake akiwa ameviziba. Utakuta mistari ambayo haimo kwenye ukurasa wowote wa tovuti.

Kwa ofisi, ujumbe mfupi unatosha: "Nashukuru kwa barua yenu. Naomba kuthibitisha mambo haya kwa maandishi: je, msamaha unahusu michango ya lazima, na kama hauihusu, ni kiasi gani kwa muhula? Posho inalipwa kwa miezi mingapi, na ya kwanza inaingia tarehe gani? Ufadhili wa nje utapunguza huu?" Jibu la simu halihesabiki. Anayejibu leo huenda mwezi wa tisa yuko idara nyingine.

Kuomba kuongezewa kunawezekana, hasa kwa programu za utafiti, lakini omba kitu kinacholingana na pengo. "Mnaweza kuongeza ufadhili?" hujibiwa hapana. "Pengo langu ni 5,050, na 3,600 kati yake ni likizo ndefu, je, kuna nafasi ya usaidizi wa utafiti miezi hiyo?" ni swali ambalo mtu mmoja idarani anaweza kulitatua bila kikao. Kusamehewa michango nako ni rahisi kuliko kupandishiwa posho, kwa sababu viwango vya posho mara nyingi ni vya wote.

Usikimbizwe na tarehe pia. Marekani vyuo vingi vimesaini azimio la Baraza la Shule za Uzamili linalosema mwanafunzi aliyepewa ufadhili halazimiki kujibu kabla ya Aprili 15. Ukibanwa kujibu mwezi wa pili, tazama kama chuo hicho kimo kwenye orodha ya waliosaini, kisha waandikie ukiwataja azimio hilo kwa adabu. Kwingineko usitegemee kinga ya namna hiyo, na amana ya kushikilia nafasi mara nyingi hairudi. Kabla ya kuilipa, pakua ukurasa wa ada na barua zote, uzihifadhi zikiwa na tarehe. Kurasa za ada hubadilishwa kila mwaka, na utahitaji kuonyesha ya mwaka wako ilisemaje.